Machozi Siyo Kipimo: Namna ya Kuitambua Hadithi Bora ya Upofu na Ubaguzi

Hadithi ya mtu asiyeona anayeishinda dhiki haikosi wapenzi. Wasomaji huililia, walimu huipendekeza, na watengenezaji filamu huirudia kizazi baada ya kizazi. Kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi mno kuiharibu. Mwandishi akishamsimamisha kipofu barabarani, mvua ikamnyeshea na mpita njia akamsukuma, machozi ya msomaji yameshapatikana ilhali sanaa yenyewe bado haijaanza. Mwongozo huu ni wa msomaji, mwalimu, mhariri au jaji wa mashindano ya uandishi anayetaka kuitenga kazi iliyoiva na ile inayoomba huruma tu.

Kipimo changu kikuu ni kimoja: hadithi bora ya aina hii huionyesha kazi. Hutuonyesha mtu alivuka kwa njia gani, kwa ujuzi upi, akishirikiana na nani, na hukitaja waziwazi kilichomzuia. Vigezo vifuatavyo vyote vimezaliwa humo.

Anza na hisi

Soma kurasa tatu za mwanzo ukiwa na kalamu mkononi. Pigia mstari kila sentensi inayoeleza kile mhusika anachokisikia, anachokipapasa, anachokinusa au anachokihesabu. Kisha zihesabu sentensi zinazozungumzia giza. Giza likizidi, mwandishi amefumba macho yake kwa dakika moja, akaogopa, akaiandika hofu yake mwenyewe. Watu wengi wanaoitwa vipofu huona mwanga kidogo au vivuli, na aliyezaliwa haoni hana sababu ya kushinda akiomboleza giza.

Mfano bora ninaoujua ni Al-Ayyam, kitabu cha Mmisri Taha Hussein, aliyezaliwa mwaka 1889 kijijini karibu na Maghagha na kupoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo. Kumbukumbu yake ya kwanza ni ya ua wa mabua. Ua huo ulimzidi kimo, na mabua yake yalikuwa yamesongamana hata mwili wake usiweze kupenya, wakati sungura walikuwa wakipita bila taabu. Upande mmoja ua ulikwenda asikokujua; upande wa pili uliishia kwenye mfereji, ambao kwake ulikuwa ndio mwisho wa dunia. Mwandishi hahitaji kutuambia kwamba mtoto huyu haoni. Tunajua kwa sababu dunia yake imepimwa kwa kimo, kwa mabega na kwa masikio. Ubora wa namna hii hauigiziki. Mwandishi anayeona anaweza kuufikia, lakini baada ya kukaa na watu, kuuliza na kusikiliza.

Jihadhari pia na kosa la upande wa pili: kipofu anayesikia sindano ikianguka chumba cha jirani, au anayeijua siri ya moyo wa mtu kwa kumshika mkono. Katika tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la Mfalme Edipode, mzee Tiresias haoni kwa macho lakini anaujua ukweli ambao mfalme mwenye macho hautaki. Pale mpangilio huo una kazi, kwa kuwa tamthilia nzima imejengwa juu ya ubishi wa kujua na kutojua. Waigaji wa baadaye walichukua uaguzi peke yake wakaacha ubishi, na matokeo yake mhusika asiyeona akageuzwa mganga. Mtu wa kawaida anayejifunza kuvuka barabara kwa fimbo nyeupe ni mgumu zaidi kuandikwa, na anastahili alama nyingi zaidi.

Tafuta chanzo

Swali la pili ni hili: upofu umetoka wapi? Taha Hussein anaeleza bila kuzunguka. Macho yalimuuma, yakaachwa kwa siku kadhaa, kisha akaitwa kinyozi, naye akamtibu kwa tiba iliyomharibia macho. Sentensi hizo chache zinabeba kijiji kizima: umaskini, ukosefu wa daktari, na wazazi wenye mapenzi ila wasio na maarifa. Mwaka 1950 mtoto huyo wa kijijini alipokuwa waziri wa elimu wa Misri, alipigania elimu isiyolipiwa, akisema ni haki ya watu kama maji na hewa. Ukimsoma kuanzia kwa kinyozi, siasa yake unaielewa.

Kwetu pia vyanzo vina majina: trakoma, mtoto wa jicho, surua iliyompata mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Hadithi inayoruka hayo yote na kusema mama alivunja mwiko imeukimbia ukweli. Wahusika wanaweza kuamini laana. Hiyo ni haki yao na ndiyo hali ya jamii nyingi. Kinachopimwa ni msimulizi. Tazama, ingawa mada yake si upofu, riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kusomwa sana katika shule za sekondari Tanzania. Mtoto amezaliwa na ualbino, na wazee wanaamini kwamba hastahili kuishi. Mama yake, Sekai, anamfunga mgongoni na kutoroka naye. Imani ya wazee imeelezwa kwa ukamilifu, bila kuwafanya wajinga, na bado kitabu chenyewe hakikubaliani nayo hata mara moja. Kuzishika kauli mbili namna hiyo bila kuzichanganya ni ufundi mkubwa.

Ubaguzi unakaa kwa nani?

Hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Mwandishi mvivu huukusanya ubaguzi wote akautwika mtu mmoja: mama wa kambo, tajiri mwenye kitambi, au mwalimu mwenye fimbo. Mtu huyo akifa au akitubu, ubaguzi umekwisha na kitabu kimefungwa. Dunia haiendi hivyo. Ubaguzi mkali zaidi mara nyingi hukaa kwa watu wema.

Rudi kwa Taha Hussein, kwenye tukio la chakula. Mtoto ameketi na familia, akapata wazo la kuchukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja. Ndugu zake wakacheka. Mama akalia. Baba, kwa sauti ya upole iliyojaa huzuni, akamweleza kwamba tonge halichukuliwi hivyo. Hakuna aliyemtukana wala aliyempiga. Tangu siku hiyo mtoto akajinyima vyakula kadhaa, vikiwemo vile vya kuliwa kwa kijiko, ili asichekwe tena na asimlize mama yake. Ukurasa huo mmoja una uzito kuliko riwaya nzima ya mateso, maana unaonyesha jinsi kicheko cha ndugu, machozi ya mama na huruma ya baba vilivyoshirikiana kumfungia mtoto mlango.

Mfano wa pili unatoka Ufaransa. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, aliumia jicho kwenye karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu, na maambukizi yakalichukua la pili. Akiwa bado mwanafunzi katika taasisi ya wasioona mjini Paris, alitengeneza mfumo wa nukta nundu zinazosomwa kwa ncha ya kidole. Wakuu wa taasisi waliendelea kushikilia herufi za kawaida zilizonyanyuliwa kwenye karatasi, ambazo wao wenyewe, wenye kuona, waliweza kuzisoma. Mfumo wake ulikubaliwa rasmi Ufaransa mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Simulizi nyingi za watoto humsifu Braille kwa uvumilivu na kunyamaza kuhusu taasisi. Ukikutana na simulizi inayotaja kwamba waliomchelewesha ni wafadhili wake, ujue mwandishi ameifanya kazi yake.

Kigezo hiki kinazipima pia hadithi za ubaguzi usiohusu macho. Siti binti Saad alitoka Fumba, katika familia ya wafinyanzi, akauza vyungu kwa miguu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Watu walimdhihaki kwa nasaba na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Katika wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, wanaodharau ni jamii yenye tabaka zake, na anayepanda ni mwanamke mwenye kipaji alichokinoa kwa mazoezi.

Mpime msaidizi

Karibu kila hadithi ya upofu ina msaidizi. Uliza: je, msaidizi anajua kitu mahususi, au ana moyo mwema tu? Anne Sullivan alipofika Tuscumbia, Alabama, mwezi Machi 1887 kumfundisha Helen Keller, asiyeona wala kusikia, alikuwa na miaka 20, macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu, na alikuwa na mbinu: kuandika herufi kwa vidole kwenye kiganja cha mtoto. Tarehe 5 Aprili, penye bomba la maji, mtoto akaelewa kwamba kila kitu kina jina. Hadithi nzuri kuhusu siku ile inatumia kurasa nyingi kwa wiki zilizotangulia, zenye ugomvi, sahani zilizorushwa na maneno yaliyoandikwa kiganjani bila kueleweka. Mbaya inakimbilia bombani.

Kipimo kingine cha msaidizi ni kama naye anasaidiwa. Filamu ya Kihindi ya Dosti, ya mwaka 1964, ina vijana wawili: Ramu mwenye ulemavu wa mguu anayepuliza kinanda cha mdomo, na Mohan asiyeona anayeimba. Filamu hiyo haioni haya kutafuta machozi, na nyimbo zake zimetungwa kwa kazi hiyo. Lakini Mohan anaimba mitaani ili Ramu alipiwe ada ya mtihani. Asiyeona anatoa, hapokei tu. Kwa jambo hilo moja, Dosti inazipita filamu nyingi zilizotengenezwa baadaye kwa fedha nyingi zaidi.

Mhusika na atake, na akosee

Katika Injili ya Marko, kipofu Bartimayo anaambiwa na umati anyamaze. Anapaza sauti zaidi. Kisha anaulizwa anataka nini. Katika Sura ya Abasa ya Kurani, kipofu anayekuja kutafuta elimu ndiye anayetetewa, na historia ya Kiislamu inamtambua Abdullah ibn Umm Maktum kama mmoja wa waadhini wa Madina. Simulizi hizi mbili ni fupi sana, na zote mbili zinampa asiyeona haja yake mwenyewe na ujasiri wa kuwakatiza wengine. Hadithi ya kisasa yenye kurasa 200 ambamo hakuna anayemuuliza mhusika anataka nini haina udhuru.

Haja huleta makosa, na makosa ndiyo yanayomfanya mhusika awe mtu. Taha Hussein anatusimulia jinsi alivyohifadhi Kurani, akaanza kuitwa shehe, akavimba kichwa, akaacha kudurusu, na baba yake alipomjaribu akakwama kwa aibu. Mwandishi anayeogopa kumwaibisha mhusika wake asiyeona anamnyima utu huku akidhani anamheshimu.

Sogea hadi mwisho

Mwisho ndio unaomfichua mwandishi. Ipo miisho mitatu ya kutiliwa shaka: macho yanafunguka kwa muujiza usiotayarishwa, mhusika anafa ili wanaoona wapate fundisho, au anapata umaarufu na dhiki yote inasahauliwa. Maisha ya Keller yamekatwa mara nyingi kwa njia hii ya tatu. Baada ya bomba aliishi miaka zaidi ya 80, akapata shahada mwaka 1904, akajiunga na chama cha kisoshalisti mwaka 1909 na kuandika kwamba upofu mwingi unatokana na umaskini na viwanda visivyojali wafanyakazi. Simulizi inayomwacha akiwa na miaka sita, mikono ikiwa imelowa, imemnyang'anya sauti mara ya pili.

Kwa anayetaka kujifunza uzito wa mwisho, hakuna zoezi zuri kuliko kusoma "The Country of the Blind" ya H. G. Wells katika matoleo yake mawili. Nunez, mwenye macho, anaangukia bonde la Andes ambako wote hawaoni. Anatarajia kuwa mfalme. Wao wanamwona mgonjwa, na daktari wao anashauri aondolewe macho ili apone. Katika toleo la 1904 anapanda mlima na kulala chini ya nyota. Katika toleo la 1939 anaona mwamba ukikaribia kuporomoka, anaonya, hasikilizwi, na maangamizi yanafika. Mimi naona toleo la kwanza ni bora. Bonde linabaki na maarifa yake kamili, na msomaji anabaki na swali la nani aliyekuwa na upungufu. Toleo la pili linampa ushindi mwenye macho.

Maswali ya kumalizia

Ukiwa na haraka, jiulize manne. Je, ninajua mhusika anafanya kazi gani na anaifanyaje? Je, kilichomzuia kimetajwa? Je, yupo mtu mwema aliyeshiriki kumbagua? Je, jamii nayo imebadilika, au ni yeye tu aliyelazimika kubadilika? Kazi yenye majibu mazuri kwa maswali yote manne ni adimu. Yenye matatu nunua.

Na jaji asiwe anayeona peke yake. Filamu iliyotokana na riwaya ya José Saramago kuhusu upofu ilipotoka mwaka 2008, shirikisho la kitaifa la wasioona Marekani liliipinga hadharani, likisema picha ya vipofu wasiojiweza inawaumiza watu halisi wanaotafuta ajira. Unaweza kuipenda riwaya na bado ukakiri kwamba lalamiko hilo ni uhakiki kamili. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umerahisisha kutoa vitabu kwa nukta nundu na sauti. Basi mhariri mwenye mswada wa aina hii na aupeleke kwanza kwa msomaji asiyeona, katika umbo analoweza kulisoma, amlipe kama anavyomlipa mhakiki mwingine yeyote, na atakapoambiwa sura ya tatu ni ya uongo, aiandikishe upya.