Filta Iliyojificha Nyuma ya Droo

Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekata, pikipiki moja tu inatosha kuinua wingu jekundu katika njia ya udongo ya Mikelenge, komini ya mji wa Kindu, Kongo. Wingu hilo halishuki upesi. Hubaki likielea kati ya nyumba, hutua juu ya majani ya miembe na nguo zilizoanikwa, na mpita njia hulijua kwa ulimi kabla ya kulijua kwa macho. Mwenye gari hupandisha vioo, akawasha feni, akajiona amekwisha kujikinga. Lakini feni hiyo inavuta hewa ya barabara ileile. Kinachoichuja kabla haijafika puani ni karatasi ya nyuzi iliyokunjwa-kunjwa, kubwa kidogo kuliko daftari la mwanafunzi, iliyofichwa nyuma ya droo ya dashibodi. Pengine haijaguswa tangu gari liliposhushwa melini.

Mafundi wa Dar es Salaam huiita filta ya AC, na jina hilo huitumia hata kwa gari ambalo AC yake ilikufa zamani. Kindu, ambako majina ya vipuri hufuata Kifaransa, anayeomba filtri ya hewa dukani anaweza kupewa ya injini, kwa kuwa kwa Kifaransa jina hilo ni la injini. Injini ina yake, ndani ya boksi jeusi chini ya boneti, na huangaliwa mara kwa mara kwa sababu ikiziba gari hukosa nguvu. Ya abiria ikiziba, gari linakwenda vilevile. Wanaolipa ni waliokaa ndani, na mapafu hayana taa ya kuwaka kwenye dashibodi.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilitoa mfumo wa kupasha gari joto uliovuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye kichujio. Hata hivyo ilipita karibu nusu karne, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, ndipo magari ya Ujerumani yalipoanza kufungwa filta za kunasa chavua na vumbi laini, na jambo hilo likaenea taratibu kwa watengenezaji wengine. Umri huo una maana kubwa kwa mtu wa Kindu, mji ambao gari jipya ni nadra. Land Cruiser nyingi za zamani za jamii ya 70, zile zinazoaminiwa kwa safari za Kasongo na Punia, hazikuwekewa filta ya abiria kiwandani. Magari mengine madogo ya Kijapani yana nafasi ya filta lakini nafasi yenyewe ni tupu, kwa kuwa filta iliuzwa kama nyongeza na mnunuzi wa kwanza hakuilipia. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, droo ifunguliwe kwanza ionekane kama kuna kitu.

Njia ya hewa ni fupi. Inaingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale majani makavu yanaporundikana gari likilala chini ya mti. Inapita kwenye mlango mdogo unaochagua kati ya hewa ya nje na ya ndani, kisha kwenye filta, kisha kwenye feni, ndipo isukumwe hadi kwenye evaporeta, ile radieta ndogo inayofanya baridi. Katika Toyota nyingi filta imelazwa juu ya feni, baada ya mlango ule, kwa hiyo husafisha hewa ya nje na pia ile inayozungushwa ndani.

Evaporeta ndiyo sababu ya pili ya kuijali filta hii, na huenda ndiyo itakayomshawishi asiyeogopa vumbi. Mapezi yake ni membamba na yamesongamana, na AC ikifanya kazi huwa yamelowa maji. Vumbi jekundu likifika hapo bila kuchujwa hugeuka matope. Matope hukauka usiku, hulowa tena asubuhi, na ukungu huota juu yake. Harufu ya nguo mbichi inayotoka AC inapowashwa huanzia hapo. Kuosha evaporeta maana yake ni kufungua dashibodi, kazi ya siku nzima kwa fundi makini na ya hasara kwa fundi mwenye pupa. Kuna pia kosa ambalo humgharimu mwenye gari bure: hewa inatoka baridi lakini kidogo, na fundi anaongeza gesi. Hewa ikiwa baridi na haba, filta ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikiwa nyingi na vuguvugu, hapo ndipo pa kuuliza habari za gesi na kompresa.

Ibadilishwe lini? Vitabu vingi vya magari hutaja kati ya kilomita 15,000 na 30,000, na kuongeza kwamba penye vumbi muda ufupishwe. Hesabu hiyo imeandikwa kwa ajili ya watu wa barabara ndefu. Kindu ni mji wa safari fupi: Mikelenge na Kasuku ziko upande mmoja wa mto Lualaba, na Alunguli, komini ya tatu, iko ng'ambo. Gari linalotembea kilomita 15 kwa siku, siku zote za mwaka, linafikisha 5,475 kwa mwaka. Litafika 15,000 baada ya miaka miwili na miezi tisa hivi, na 30,000 baada ya mitano na nusu. Mita haijasogea, lakini filta imekwisha kupita viangazi viwili au vitatu, huku gari likienda polepole nyuma ya pikipiki na malori, mahali ambapo vumbi ni zito kuliko popote. Anayesubiri kilomita za kitabu katika mji huu anasubiri kipimo kisicho chake. Afadhali afuate majira: aichungulie filta katikati ya kiangazi, aibadilishe mvua zinapokaribia kurudi mwezi wa tisa, kabla unyevu haujakutana na vumbi lililokusanyika.

Sasa kazi yenyewe. Tuchukue Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 2005, imeegeshwa uani. Imetoka Japani, kwa hiyo volani iko kulia ingawa Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na droo iko kushoto, mbele ya abiria. Anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa magari ya Marekani au Ulaya ayageuze kama mtu anayejitazama kwenye kioo, la sivyo atatafuta kijiti cha droo upande ambao hakipo.

Bisibisi haihitajiki. Gari lizimwe, funguo zitolewe, droo ya chini imwagwe yote: makaratasi ya gari, tochi, betri zilizokufa. Ubavuni mwa droo kuna kijiti cha plastiki kinachoifanya ishuke taratibu badala ya kuanguka kwa kishindo. Kinachomolewa kwa vidole, kwa kukisukuma kando kutoka kwenye kishikizo chake. Halafu kuta mbili za droo zibanwe kuelekea ndani, kama mtu anayeminya mkebe laini, hadi vizuizi vya pembeni vipite. Droo inalala chini, na nyuma yake linaonekana boksi jeusi lenye kifuniko chembamba kilicholala kama mdomo uliofumbwa. Kifuniko kina vibanio pande zote mbili. Vibonyezwe kwa pamoja, kisivutwe kwa nguvu. Plastiki iliyopigwa jua miaka kumi na tano haina subira, na kibanio kimoja kikikatika, hewa yenye vumbi itapita pembeni mwa filta daima.

Hapa panahitaji mkono mtulivu. Filta ivutwe polepole, ikiwa imelala sawasawa, bila kuinamishwa. Feni iko chini yake, na chochote kitakachomwagika kitaangukia humo. Jani moja kavu la mwembe likiingia feni hugonga tak-tak-tak kila inapowashwa, na dakika kumi za kazi zinageuka nusu siku ya kulitafuta.

Filta ya zamani inafaa kutazamwa kabla haijatupwa. Upande wa juu, uliopokea hewa, mikunjo yake imejaa vumbi la rangi ya matofali, zito kwenye mabonde na jepesi kwenye vilele. Juu yake kuna vipande vya majani, mbawa za wadudu, uzi wa nguo, wakati mwingine nyasi na pamba ya kiti zilizokusanywa na panya aliyepaona pazuri pa kuzalia. Ukigeuza upande wa chini unakuta kijivu, na penye madoa meusi unyevu ulikwisha kufika. Wengine huiinua juani waone kama mwanga unapita. Kipimo hicho kinaonyesha uchafu mkubwa tu. Kwa vumbi laini hakisemi kitu.

Na vumbi laini ndilo lenye madhara makubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe zilizo chini ya mikromita 2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, wastani wa mwaka mzima. Chembe za ukubwa huo hupita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu. Filta nyingi huzinasa kwa ujanja ambao macho hayauoni: nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme kiwandani, nazo huvuta chembe kama kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Ndiyo maana kuiosha kwa maji na sabuni ni kuiua. Inarudi nyeupe na ya kupendeza, lakini chaji imepungua. Upepo wa kompresa ya gereji nao si rafiki yake. Unatoboa matundu yasiyoonekana na kusukuma vumbi laini ndani zaidi. Ikiwa mpya haijapatikana, ya zamani igongwe polepole juu ya kiganja, mbali na watoto, uchafu mkubwa udondoke, irudishwe kwa muda. Hilo ni bora kuliko kuacha nafasi wazi. Bora pia kuliko kipande cha sponji au kitambaa kilichokatwa kwa makasi: kitambaa kizito huikaba feni, chepesi hufyonzwa na kujizungusha humo.

Kupata mpya ndiko kugumu kuliko kuifunga. Shehena hufika Kindu kwa ndege, kwa reli inayotoka kusini kupitia Kongolo, kwa mto kutoka Ubundu, au kwa barabara ambazo mvua huzifunga. Filta ina bahati kwamba ni nyepesi na haivunjiki. Abiria yeyote anayetoka Lubumbashi au Goma anaweza kuibeba katika begi. Namba za Toyota za kipuri hiki huanza na 87139, na zinazofuata hutofautiana kwa gari. Asiye na namba achukue rula. Ya RAV4 hii ina takriban sentimita 21 kwa 19 na unene unaokaribia 3, na aina hiyohiyo inaingia katika Corolla na Camry nyingi za miaka ile. Inafaa kuagiza mbili, ya pili ibaki ndani ya nailoni yake, mahali pakavu. Zenye unga wa makaa, zilizo nyeusi, hupunguza pia harufu, ingawa bei yake iko juu.

Kwenye fremu ya filta mpya kumechorwa mshale. Penye neno UP, ncha yake itazame juu. Penye maneno AIR FLOW, mshale ufuate hewa inakokwenda, yaani chini kuelekea kwenye feni. Maandishi hayo mawili huwachanganya wengi, na mtu anaweza kuigeuza kwa nia njema kabisa. Kabla ya kuiingiza, kitambaa chenye unyevu kidogo kipitishwe kwenye kuta za boksi, na majani yaliyo chini ya kioo cha mbele yaondolewe kwa mkono.

Filta nzima bado inahitaji dereva anayejua vitufe vyake. Katika barabara ya vumbi kuelekea Kalima, wengi hubonyeza kile chenye picha ya gari na mshale unaozunguka, ili hewa ya nje isiingie. Nyuma ya lori, kwa dakika chache, ni sahihi. Kwa safari nzima si sahihi: gari linalokimbia hufyonza hewa kupitia nyufa za mlango wa nyuma, na vumbi huingia kwa njia hiyo, bila kupita kwenye filta hata kidogo. Vioo vikiwa vimefungwa, feni ikivuta hewa ya nje kwa kasi ya kati, msukumo wa ndani unazidi wa nje kidogo na nyufa hutoa hewa badala ya kuingiza. Ndani ya gari lililofungwa kwa muda mrefu, hewa inayozungushwa tu pia humletea dereva usingizi. Tena, filta hainasi gesi ya monoksidi ya kaboni. Ekzozi inayovuja irekebishwe yenyewe. Hakuna karatasi itakayoizuia.

Kifuniko kikirudi kwa mlio wa vibanio viwili, droo ipandishwe, kijiti kirudishwe mahali pake. Feni iwashwe kwanza kasi ndogo, halafu kubwa, na sikio lisikilize kama kuna kinachogonga. Jambo moja hufanywa kabla ya haya yote, filta ikiwa bado mkononi: kuandika kwa kalamu ya wino mzito, kwenye ukingo utakaoonekana kifuniko kikifunguliwa, mwezi, mwaka na namba ya kilomita. Gari litakapouzwa Kasuku au kuvushwa Alunguli, mwenye kulinunua atafungua droo na kujua filta ina viangazi vingapi.