Zulia la Darasa

Heko, Quinta Brunson! Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea Philadelphia, na binti akakua akiyaona ya darasani kwa macho yake. Wengine tungeyasahau, yeye aliyaweka akiba. Mwaka 2021 akaja na Abbott Elementary, vichekesho vya televisheni alivyovibuni mwenyewe, naye akaigiza mwalimu Janine. Jina la shule hiyo, Abbott, kalitoa kwa mwalimu wake wa darasa la sita.

Kipindi cha kwanza ni habari ya zulia tu. Mtoto kalikojolea, Janine anahangaika kupata jingine, na fedha zilipopatikana mkuu wa shule akazitumia kutengenezea bango lenye sura yake mwenyewe! (Walimu wetu mnacheka kwa uchungu, najua.) Skripti hiyohiyo ya zulia ikampa tuzo ya Emmy ya uandishi mwaka 2022.