Ufundi wa Kuimba kwa Karibu

Watu wengi huwasifu waimbaji kama Sufjan Stevens, Adrianne Lenker na Phil Elverum kwa sababu isiyostahili. Husema nyimbo zao ni za kweli, kana kwamba mtu akiumia vya kutosha na gitaa likawa karibu, wimbo hujitunga wenyewe. Mimi nazisifu kwa kuwa zimetengenezwa. Ule ukaribu tunaousikia, wa mtu anayeimba kana kwamba chumbani hamna mwingine ila wewe, ni kazi ya mikono, tena una historia. Kabla ya kurekodi kwa umeme kuanza mwaka 1925, mwimbaji alilazimika kupaza sauti ndani ya pembe ili sindano ichore chochote kwenye nta. Maikrofoni ndiyo iliyompa ruhusa ya kuishusha. Na maikrofoni nyingi za studio zina tabia moja: ukizisogelea mno, mawimbi mazito hupanda, sauti hunenepa, pumzi na midomo inayofunguka vikaingia kwenye wimbo. Anayeimba hivi anapiga ala mbili kwa pamoja, gitaa na hiyo maikrofoni, na sentimita chache za kusogea au kurudi nyuma humbadilishia maana ya mstari mzima.

Ufundi huu unaonekana zaidi katika kile kinachoachwa. Stevens si mtu wa kukosa vyombo. Albamu yake Illinois ya mwaka 2005 imejaa tarumbeta, fidla na kwaya. Miaka kumi baadaye, alipotoa Carrie & Lowell kwa ajili ya mama yake aliyefariki mwaka 2012, ngoma karibu hazimo, na sehemu fulani zilirekodiwa kwa simu ya mkononi hotelini Oregon. Anayejua kujaza ndiye anayejua pia nafasi tupu inagharimu nini. Lenker naye alirekodi albamu yake ya 2020, iitwayo songs, katika kibanda cha chumba kimoja magharibi mwa Massachusetts, akiwa na fundi wa sauti Philip Weinrobe na mashine ya kanda. Ndege wa nje wanasikika, na vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi vinasikika. Hayo yote yangeweza kufutwa. Yameachwa ili sikio lijue ukubwa wa chumba, na lijue limekaa wapi ndani yake.

Maneno nayo hupimwa kwa kipimo hichohicho. Mke wa Elverum, msanii Geneviève Castrée, alifariki kwa saratani Julai 2016, akiacha mtoto ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Elverum alirekodi A Crow Looked at Me, iliyotoka 2017 kwa jina lake la kisanii la Mount Eerie, katika chumba alimofia mkewe, akitumia zaidi vyombo vya marehemu. Wimbo wa kwanza, "Real Death", unasimulia kifurushi kilichofika kwa posta wiki moja baada ya kifo. Ndani mlikuwa na begi la shule, ambalo mama alimwagizia mwanawe kimyakimya, kwa siku ambayo alijua yeye hatakuwapo. Mtunzi wa kawaida angetuletea machozi, mbingu na malaika. Elverum ameleta begi, akalitaja kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, kisha akaliacha hapo. Uchungu alikuwa nao, sikatai, lakini waliofiwa ni wengi na waliolichagua begi ni wachache.

Wapo watakaosema kwamba hii basi ni hila, na kwamba msiba umegeuzwa bidhaa. Hoja hiyo ina uzito, na Elverum mwenyewe huigusa wimboni, akitilia shaka kama kifo ni kitu cha kuimbwa. Ila ufundi haupingani na ukweli: mshairi anayepanga vina na mizani kwenye shairi la maombolezo hatumwiti mwongo. Kinachonikera ni ngano zinazotangulia muziki. Kila mtu amesikia kwamba Justin Vernon wa Bon Iver alijifungia katika nyumba ya mawindo ya baba yake huko Wisconsin majira ya baridi, na wengi hudhani upweke ule ndio uliotunga For Emma, Forever Ago. Sikiliza vizuri: sauti yake imerekodiwa tabaka juu ya tabaka hadi ikawa kwaya ya mtu mmoja. Theluji haifanyi hivyo.

Kuhusu wanaolalamika kwamba nyimbo hizi zote zinafanana, nakubaliana nao nusu, maana siku hizi kunong'ona kumekuwa sare, na wapo wanaonong'ona wasiokuwa na neno. Na asije mtu akadai ni mambo ya wageni. Jean Bosco Mwenda, mwimbaji wa Kiswahili, alirekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Katanga, akipiga "Masanga" kwa gitaa lake moja, akidonoa nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada; mwaka 1969 alipiga gitaa mbele ya Wamarekani kwenye tamasha la Newport. Anayetaka kuipima hoja yangu avae hedifoni, aache kazi nyingine, aanze na "Real Death". Haufiki dakika 3.