Shahada Isiyojua Kuezeka: Kumsoma Upya Hassan Fathy

Hassan Fathy alihitimu usanifu majengo Cairo mwaka 1926. Kuezeka nyumba ya mtu maskini alijifunza mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka arobaini hivi, na waliomfundisha hawakuwa maprofesa bali mafundi wa Kinubi wa huko Aswan. Hapo katikati kuna miaka 15 ambayo aliitwa msanifu kihalali kabisa, akichora na kufundisha wengine. Anayasimulia haya mwenyewe, wala haoni aibu, katika kitabu chake *Architecture for the Poor*. Ndiyo maana nakirudia kila baada ya miaka michache, ingawa kila nikifika katikati naanza kugombana nacho.

Kwa ambaye hajakisoma: kilitoka kwanza Cairo mwaka 1969 kikiitwa *Gourna: A Tale of Two Villages*, kisha mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Chicago kikakichapa kwa jina linalojulikana zaidi. Ni hadithi ya kijiji cha New Gourna, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na Luxor. Wakazi wa Gourna ya zamani, watu wapatao 7,000, waliishi mlimani juu ya makaburi ya kale, na serikali iliwahesabu kuwa wezi wa makaburi. Ikaamuliwa wahame. Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ikampa Fathy kazi ya kuwajengea kijiji kipya kwa matofali ya udongo. Akachora msikiti, soko, shule, ukumbi wa maigizo na nyumba zenye ua. Baada ya misimu mitatu hivi kazi ilisimama, sehemu ndogo tu ikiwa imejengwa, na wenyewe wakakataa kuhamia.

Kurasa za mwanzo ndizo tamu kuliko zote. Ni wakati wa vita, mbao hazipatikani. Fathy anataka kujenga kwa udongo mtupu, paa na lenyewe liwe la udongo, lipinde kama pipa lililopasuliwa kati. Lakini paa la namna hiyo, kwa elimu yake yote, lazima lijengwe juu ya mbao za kulishikilia mpaka likauke. Mbao ndizo hizo hazipo. Akajaribu bila mbao, likaporomoka. Kaka yake, mhandisi aliyefanya kazi kwenye bwawa la Aswan, akamwambia: mbona Wanubi wanaezeka hivyo kila siku na hawatumii ubao hata mmoja?

Akaenda kuona. Mafundi wanainua ukuta wa nyuma juu kuliko mingine, wanaupaka udongo na kuchora juu yake upinde kwa mkono tu, bila kamba wala kipimo. Kisha wanaanza kupanga matofali yakiegemea ukuta huo, kila mstari ukilalia ule uliotangulia. Matofali yenyewe ni mepesi, yana majani makavu mengi, na usoni yamechorwa mifereji kwa vidole ili udongo uyanyonye na kuyashika. Hakuna kinachoning'inia hewani. Msomaji yeyote aliyewahi kusimama saiti na kumtazama fundi mzuri akifanya kazi atapajua mahali hapo: ule ukimya wa mtu mwenye karatasi mbele ya mtu mwenye mikono.

Swali linalofuata ni chungu, na Fathy analiuliza: chuo kilinifundisha nini? Anasimulia alivyotumwa akiwa kijana kusimamia ujenzi wa shule huko Talkha, akachukizwa na uchafu na unyonge wa mji ule kiasi cha kutotaka kupita katika mitaa yake. Masomo yake hayakuwa na kipindi hata kimoja juu ya nyumba ya mkulima, katika nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wakulima. Yaani fani nzima ilisimama juu ya mteja ambaye karibu hayupo.

Na hapo kuna suala la pesa ambalo vitabu vingine vya usanifu hulikwepa. Msanifu aghalabu hulipwa asilimia ya gharama za jengo. Nyumba ikiwa rahisi, ujira wake unakuwa si kitu, kwa hiyo hana sababu ya kuifikiria. Serikali nayo ikiamua kumhudumia maskini huchora nyumba moja na kuirudia mara elfu. Fathy alitaka kila familia ichorewe yake. Wakubwa wake walimwona mwehu. Mimi namwona ndiye pekee mezani aliyekuwa anapiga hesabu sawasawa.

Nifungue mabano kidogo. Kiswahili kinamwita mtu huyu msanifu, na kusanifu ni kutunga kitu kwa ustadi. Lakini mitaani mtu akikwambia "unanisanifu?" ana maana unamkejeli, unamsifia kumbe unamcheka. Halafu kuna Kiswahili sanifu, lugha iliyochotwa kwenye lahaja ya watu kisha ikarudishwa kwao kama somo la kufaulu au kufeli. Sijui lugha nyingine iliyoweka maana tatu hizi katika neno moja, ila nikimsoma Fathy naziona zote tatu zikifanya kazi.

Ugomvi wangu naye unaanzia hapo. Kwa mafundi ni mnyenyekevu wa kweli. Anasema jengo linahitaji watu watatu, mwenye nyumba, msanifu na fundi, na kwamba nyumba za siku hizi ni mbovu kwa kuwa watatu hao hawazungumzi tena. Vizuri. Basi twende Gourna tumtafute mwenye nyumba. Katika kurasa nyingi za kitabu anatajwa, anaelezwa, anahurumiwa, analaumiwa. Anayeongea ni nadra. Fathy anajua wanawake wanavyochota maji, anajua koo zinavyokaa pamoja, hata anakiri kuwa kazi ile ilihitaji mtu wa kuchunguza maisha ya jamii, si msanifu peke yake. Ila swali la kwanza kabisa, kama hawa watu wanataka kuhama, limeshajibiwa na Idara kabla yeye hajashika penseli, na yeye halifungui tena.

Kijiji kinaposhindwa, lawama anazipeleka kwa makarani wa serikali na kwa Wagourna waliokuwa na faida ya kubaki juu ya makaburi. Sura za makarani ni kichekesho kitupu: malipo yanachelewa, majani ya matofali yanangoja saini, barua inazunguka wizarani. Mwandishi wa habari yeyote aliyefuatilia mradi wa umma atacheka kwa uchungu. Lakini lile la wezi linanikera. Timothy Mitchell, katika *Rule of Experts* ya mwaka 2002, alionyesha jinsi sifa hiyo ya wizi ilivyokuwa chombo cha kuhalalisha kuwaondoa. Na wakosoaji wengine wamesema jambo dogo linalotosha: katika sehemu ile ya Misri, kuba hujengwa juu ya kaburi la walii. Watu walioambiwa waache kuishi juu ya wafu walikuwa wanapelekwa wakalale chini ya paa la wafu. Fundi wa Aswan asingeweza kumwonya, maana kwao Unubi paa la kupinda ni jambo la kawaida kwa nyumba za kuishi. Mgourna angeweza.

Mama yangu alipojenga, hakuwahi kumwona msanifu. Ramani alipewa na jirani, vyumba vitatu, kimoja masta, na fundi akaihariri palepale kwa fimbo mchangani: "Mama, mlango wa jiko ukikaa huku moshi wote utaingia sebuleni." Wakabishana mchana mzima. Mlango ukahama, ila dirisha ambalo fundi alitaka kulipunguza mama aligoma, na bado ni kubwa. Nyumba ile ina kasoro ambazo mwanafunzi wa mwaka wa pili angezigundua, ngazi ya mlango wa mbele kwa mfano inamkwaza kila mgeni. Lakini mabishano yale ndiyo ninayoyatafuta katika kitabu cha Fathy, ukurasa kwa ukurasa, na siyapati.

Kitabu kisomwe, na kisomwe vyuoni hasa, mwaka wa kwanza, kabla mwanafunzi hajaizoea kompyuta. Kimeandikwa na mtu aliyejua kuona haya kwa shahada yake, na watu hao ni wachache. Mwaka 1980, akiwa mzee wa miaka themanini, Fathy alikwenda Abiquiu, New Mexico, kujenga msikiti wa udongo kwa jumuiya ya Waislamu wa huko. Hakwenda peke yake. Alichukua mafundi wa Kinubi, wakavuka naye bahari, na ukuta ulipofika kimo chake wao ndio waliopanda kuchora upinde.