Hamu ya Pombe na Waya wa Ubongoni

Usisimuaji wa kina wa ubongo ni tiba ya kupandikiza waya wenye unene wa milimita 1.3 hivi hadi ndani kabisa ya ubongo, ili upeleke umeme kidogo mahali maalumu. Kichwa hufungwa fremu, njia hupimwa kwa picha za MRI, kisha fuvu hutobolewa. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, ajibu maswali waya unapojaribiwa. Kebo inayopita chini ya ngozi ya shingo huunganisha waya huo na kifaa chenye betri kilichowekwa chini ya mtulinga. Kifaa hutoa mipigo kama 130 kwa sekunde, na nguvu yake hurekebishwa kutoka nje bila kupasua tena. Mfumo huu wa kisasa ulianzishwa mwaka 1987 na Alim-Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, kwa ajili ya kutuliza mitetemeko.

Katika uraibu, shabaha ni akambensi, kiini kidogo cha ubongo kinachopokea kemikali ya dopamini na kuufunza ubongo kipi cha kutamaniwa. Pombe ya miaka mingi hukifunza kiini hicho kuitanguliza chupa mbele ya chakula, kazi na watoto. Manufaa ya kukisisimua yalionekana kwa bahati: mwaka 2007 madaktari wa Köln, Ujerumani, waliripoti habari za mwanamke aliyepandikizwa waya kwa sababu ya wasiwasi mkali. Wasiwasi haukupungua sana, lakini ulevi wake ulikoma. Mwaka 2009 madaktari wa Magdeburg, pia Ujerumani, wakaripoti wanaume watatu waliopandikizwa waya kwa sababu ya ulevi. Wawili waliacha pombe kabisa kwa zaidi ya mwaka.

Matokeo hayo yanatia moyo, ila wagonjwa wachache hivyo hawatoshi kuthibitisha tiba. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2023 liliwapandikiza watu 12, baadhi yao vifaa vikiwa vimezimwa bila wao kujua. Kwa miezi sita, tofauti ya muda kabla ya kurudia pombe haikuwa kubwa kiasi cha kuaminika kitakwimu. Juu ya hayo kuna hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya maambukizi.

Nchini Kenya, Kaunti ya Kiambu, yenye miji ya Thika na Ruiru, inalijua tatizo la ulevi kwa uchungu. Mei 2014 pombe yenye sumu ya methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza pombe kali za bei nafuu, zilizoitwa za kizazi cha pili, ziangamizwe katika eneo la kati. Pombe ilimwagwa, hamu ikabaki vichwani. Aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla hutetemeka, huenda akapata degedege ndani ya siku mbili, kisha akaweweseka, na anaweza kufa. Msako usioandamana na matibabu ni kosa.

Mraibu anayekatizwa pombe anahitaji dawa ya diazepamu chini ya uangalizi, vitamini B1 ya kukinga ubongo, na ushauri wa miezi mingi. Naltreksoni, kidonge cha kila siku, hupunguza raha ya pombe kwa kuziba vipokezi vya opioidi na hivyo kushusha dopamini katika akambensi ileile, bila kutoboa fuvu. Waya ni jambo la utafiti, kwa wachache ambao dawa zote zimeshindwa kuwasaidia; kwa mraibu wa Thika au Ruiru, fedha za umma zianze na vidonge, vitanda na washauri.