Mshiko Kwanza, Urembo Baadaye

Jumamosi moja pale kijiweni kwetu niliua shairi la mtu. Nasema niliua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Dogo mmoja, mgeni, alisimama akasoma beti sita, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Alipomaliza watu wakanitazama mimi, maana mimi ndiye mwenye mdomo. Nikasema: "Kazi ya mashine hii. Vina vimepangwa, mtu hayumo." Watu wakacheka. Dogo akakunja karatasi yake, akasema "asante kaka", akakaa. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili.

Uhakiki huu si wa shairi lile, angalau si kwa sasa. Ni uhakiki wa mipini miwili ya patasi. Ndugu msomaji, nivumilie, deni langu liko humo humo.

Mipini yenyewe ililetwa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Marekani, ambako anafanya kazi kwenye karakana ya mbao. Aliileta kama zawadi kwa mjomba, fundi seremala wa Keko. Mmoja mweusi tii, wa mpingo, kautengeneza mwenyewe. Wa pili wa hudhurungi, kaununua dukani kwa bei ya kutupa. Yote miwili imechorwa nakshi ile ile: mifuo ya mshazari kwenda kulia, mifuo ya mshazari kwenda kushoto, na pale inapokatana panabaki vijialmasi, kama uru kwenye karata. Ukiiweka mezani utasema ni ndugu wa tumbo moja. Mimi niliupenda ule wa dukani, maana ulikuwa unang'aa kwa vanishi.

Mjomba hakusema kitu. Alichovya mikono kwenye maji ya sabuni, akashika wa dukani, akazungusha. Ukateleza kama samaki. Akashika ule mweusi. Ukakaa. Akanipa na mimi. Nilizisikia zile almasi zinaingia kwenye nyama ya vidole, siyo kwa kuumiza, kwa kushika. Akanambia, "We si ndo mhakiki? Haya, hakiki."

Basi nahakiki.

Mashuhuri wa nakshi hii ni bunduki. Mwindaji akiwa na jasho, au mvua inanyesha, mti laini unamponyoka. Ndiyo maana mafundi wa Ulaya na Marekani wakawa wanakata almasi hizi pale mkono unaposhika. Fundi wa mkono huanza na mifuo miwili tu, inayokatana kwa pembe itakayofanya kila almasi iwe ndefu kama mara tatu hivi ya upana wake. Kisha anachukua kifaa chenye safu mbili za meno: safu moja inatembea ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa, ya pili inachora mfuo mpya pembeni yake. Kazi ya kawaida ina mifuo 18 hadi 24 katika inchi moja. Ukichukua 20, ni mfuo mmoja kila milimita 1.27. Halafu anarudia kila mfuo, tena na tena, mpaka kila almasi iwe na ncha. Mfuo wa kwanza ukipinda, wa pili unarithi, wa tatu unaongeza, na ukifika wa thelathini huna nakshi tena, una aibu.

Kazi hiyo ni ghali kwa sababu inakula saa za mtu. Viwanda vikatafuta njia ya mkato. Mwaka 1962 Remington walitoa bunduki yao ya Model 700, na mwaka 1964 Winchester wakaifanyia mabadiliko Model 70, zote mbili zikiwa na nakshi iliyogandamizwa: chuma chenye moto na sura ya nakshi kinabanwa kwenye mti, basi, imekwisha. Hakuna mfuo uliokatwa. Na kwa vile nakshi ilitoka kinyume, pale palipotakiwa ncha pakawa na shimo. Kwa macho, almasi. Kwa kidole, hakuna kitu. Wateja walilalamika sana, na mpaka leo wakusanyaji wa bunduki wa Marekani huzitafuta Model 70 za kabla ya 1964. Nakshi ile haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa mojawapo.

Mpini wa dukani ni wa ukoo huo. Nimeuangalia kwa lenzi. Nyuzi za mti hazijakatwa, zimelazwa tu, halafu vanishi imejaza vishimo. Una sura ya kushika bila kazi ya kushika. Sisi tuliosoma fasihi tuna maneno yetu mawili tuliyokaririshwa shuleni, fani na maudhui, na tumezoea kusema fani ni nguo, maudhui ni mwili. Mpini huu umenionyesha kwamba mfano huo umechemsha. Nakshi ya kushikia si nguo ya mpini. Ukiivua, umeondoa kazi yake.

Nilipofika hapo nilijiona nimeshinda. Nikajisemea, si unaona? Mashine imeua, mkono umehuisha. Ndivyo nilivyomwambia dogo. Nikamgeukia binamu nimpongeze kwa kazi nzuri ya mkono.

Binamu akacheka. "Mkono gani, mwanangu? Mpini wangu nimeukata kwa mashine."

Akanieleza. Kuna mashine ya kunakshi, aina ya keezo, lakini mti wenyewe hauzunguki kwa kasi. Unabanwa kati ya ncha mbili, umelala. Kinachozunguka kwa kasi ni kisu chenye umbo la V, kwenye ruta iliyofungwa juu ya kigari. Unazungusha mkono wa mashine, kigari kinatembea kufuata urefu wa mpini, na gia zinaugeuza mti polepole wakati huo huo. Kwa hiyo kisu kinachora mfuo unaojiviringa kama mtambaachi juu ya mti. Ukimaliza mfuo mmoja, unarudi mwanzo. Hapo kuna sahani yenye matundu. Unachomoa pini, unageuza mti hatua moja, unachomeka pini tundu linalofuata, unakata tena. Yeye aligawa mara 24, yaani kila hatua digrii 15. Mifuo 24 kwenda kulia. Kisha akabadilisha gia ili mti ugeuke kinyume, akakata mifuo 24 kwenda kushoto. Jumla 48, na kila mmoja aliupitia mara mbili, mara ya kwanza juu juu, mara ya pili mpaka ncha itoke.

Nilimwambia: basi mashine ndiyo msanii. Akasema, nenda kajaribu bila mashine halafu uje tuongee.

Nikajaribu. Karakana ya mjomba haina mashine hiyo, kwa hiyo nilichukua mpini wa nyundo, wa mninga, na tupa ya pembe tatu. Nikaanza kwa furaha. Mfuo wa kwanza bomba, wa pili bomba. Nikauzunguka mpini mzima kwa jicho tu, kila mfuo nikiuweka pembeni ya mwenzake. Nilipokaribia kukutana na mfuo wa kwanza, nikakuta nafasi iliyobaki ni nusu. Haitoshi almasi, haiwezi kuachwa tupu. Mjomba alikuja akaangalia, akanirudishia mpini. "Hukugawa mzunguko kabla ya kuanza. Ulidhani utafika tu."

Hapo ndipo niliposhikwa. Mti wa duara hauna mwisho, nakshi lazima irudi ilikoanzia. Sahani yenye matundu haimwambii fundi akate nini. Inamhakikishia kitu kimoja tu, kwamba atafika nyumbani bila nusu almasi mkononi. Mengine yote ni yake: pembe ya mfuo, kina, ukali wa kisu, subira. Ule mzunguko wa pili, wa kushoto, ndio noma, maana kisu kinapita juu ya kuta nyembamba zilizoachwa na mzunguko wa kwanza. Ukiwa na pupa, ncha zinakatika moja baada ya nyingine. Binamu aliharibu mipini minne kabla ya huu.

Na mti pia ni uamuzi. Mti laini unamomonyoka, hauwezi kubeba ncha ndogo. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini, na unabeba mkato mwembamba kuliko karibu mti wowote. Ndio huo Wamakonde wanauchonga, na ndio unaotengenezewa klarineti na obo. Mafundi wa nakshi za mashine wameupenda tangu zamani. Mmoja wao, James Harris wa Texas, aliona filamu ya televisheni kuhusu mpingo na kuhusu Mtanzania Sebastian Chuwa aliyekuwa akiotesha miche yake huko Kilimanjaro, na mwaka 1996 wawili hao wakaanzisha mradi wa kuuhifadhi na kuupanda upya. Chuwa alifariki mwaka 2014. Nawataja kwa sababu sisi tunaoishi na mpingo tumezoea kuuona kwenye vinyago vya watalii tu. Mtu wa mbali aliyekuwa akiukata kila siku ndiye aliyejiuliza utabaki mpaka lini, akakuta wa hapa kwetu amekwisha kujiuliza kabla yake.

Sasa msidhani nimegeuka mpiga debe wa mashine. Mashine hizi zina dhambi yao, na ni ya zamani. Huko London, tangu mwisho wa karne ya 18, familia ya Holtzapffel ilikuwa ikiuza keezo za kunakshi kwa matajiri na wakubwa, na ikatoa vitabu vinene kuhusu kazi hiyo, cha kwanza mwaka 1843, cha tano, kinachohusu nakshi yenyewe, mwaka 1884. Kazi nyingi za wateja wao ni za kustaajabisha: vijaluba na vinara vya pembe za ndovu, nakshi juu ya nakshi, hakuna hata ukucha mmoja uliobaki mtupu. Ndovu waliokufa kwa ajili ya vijaluba vile sitaki hata kuwahesabu. Ukitazama dakika tano unachoka, kwa sababu nakshi imewekwa kila pahali mashine ilipoweza kufika, siyo pale mkono unapoihitaji.

Hata mpini wa binamu una kosa hilo. Kauvusha mkato mpaka karibu na pete ya chuma, mahali ambapo hakuna kidole kinachofika. Isitoshe, huko mpini unakuwa mwembamba, na mifuo ni ile ile 24, kwa hiyo almasi zimebanana na tatu zimevunjika ncha. Angesimama vidole viwili kabla ya pale, mpini ungekuwa mzima. Nilimwambia hivyo. Akakubali, ingawa alinuna kidogo.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa deni.

Mabishano ya vina na mizani tumeyarithi. Tangu sheria za Sheikh Kaluta Amri Abedi zilipochapishwa mwaka 1954, na tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata sheria hizo, kila kijiwe cha waandishi chipukizi kina kambi mbili. Mimi ni wa kambi ya huru, na sijahama. Lakini niliuliza swali la kijinga. Niliuliza kama shairi limepimwa. Mpini wa mjomba umepimwa kwa digrii 15, na unashika. Nilitakiwa kuuliza kama limekatwa au limegandamizwa.

Katibu wetu alikuwa na nakala ya shairi la dogo. Nimelisoma upya, polepole, mkono ukiwa umelowa, tuseme hivyo. Ni shairi kuhusu baba yake, mlinzi wa usiku. Ule mshororo ambao baba anavua viatu mlangoni alfajiri ili asiwaamshe watoto, mizani yake ni kumi na sita, na hakuna hata moja iliyosukumwa. Umekatwa. Ubeti wa tatu, ambapo anahesabu mabasi ya kwanza ili ajue saa, nao umekatwa. Nilikuwepo siku unasomwa, na masikio yangu yalikuwa yanahesabu vina tu.

Ubeti wa tano una tatizo. Kuna nyota, kuna dhahabu, kuna maua, na nijuavyo mimi baba huyo analinda ghala la saruji. Maneno hayo yamebanwa pale yajaze kina. Ubeti mmoja kati ya sita. Mimi nilitupa yote sita kwa ajili ya huo mmoja, halafu nikachekesha watu.

Dogo, kama gazeti hili litakufikia, na najua kaka yako hulinunua: nilikosea, na nilikosea mbele za watu, ndiyo maana naandika mbele za watu. Tunakutana Jumamosi saa tisa, mahali pale pale. Njoo na ubeti wa tano, uwe umeubadilisha au hukuubadilisha, tubishane. Mjomba ameniazima mpini ule mweusi. Nitakuja nao uushike.