Wanaoipima Miale

Mgonjwa wa saratani kutoka mtaa wa Laini Saba, Nairobi, aweza kufika Hospitali Kuu ya Kenyatta kwa miguu, mradi miguu ina nguvu. Humjua daktari wake kwa jina. Wanaoielekeza miale ya matibabu, majina yao hata hayaulizi.

Kabla mgonjwa wa kwanza hajalala kitandani, wao huipima mashine. Miale ikizidi huunguza. Ikipungua, uvimbe husalia. Kisha kuna barakoa: kwa saratani ya koo, bamba la plastiki hulainishwa katika maji ya moto, huvutwa juu ya uso likiwa vuguvugu, na kuachwa ligande. Huacha alama za vitundu mashavuni, lakini kichwa hakichezi hata milimita chache, na usahihi huo ndio husaidia kuokoa uti wa mgongo na tezi za mate.

Dozi hugawanywa, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa majuma kadhaa, kwa kuwa seli zenye afya hujirekebisha vizuri kuliko za saratani. Kila siku ya tiba mgonjwa hurejeshwa palepale kwa alama za wino mwilini. (Anayejisugua sana bafuni huzifuta, na vipimo hurudiwa bila kelele.)

Serikali inunue mashine, sawa. Iwaajiri pia wanaozipima kila asubuhi, na iwalipe kwa wakati.